Mjadala: Je, koili ndogo iwe sharti la kutafuta metali katika bustani za umma za Nairobi?

Ndugu wanamjadala,

Naleta kwenu swali ambalo limekuwa likizungumzwa pembeni tu, baina ya wenye vigunduzi vya metali na wale wanaotunza bustani na misitu ya jiji hili. Iwapo mwananchi ataruhusiwa kupita na kigunduzi katika uwanja wa umma, je, atumie koili ya ukubwa wowote apendao, au abanwe na sharti la koili ndogo, ambayo kipenyo chake hakizidi sentimita 15? Msimamo wangu ni kwamba abanwe. Najua wapo wanaoona kuwa sharti hilo ni sawa na kumruhusu mtu kutafuta huku ukimzuia asipate, na wapo wanaoshikilia kwamba hakuna koili inayostahili kuingia katika bustani zetu, iwe ndogo au kubwa. Kundi hili la pili lina hoja nzito zaidi, na ndilo nitakalolijibu kwa urefu.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Koili ni ile sahani iliyo kwenye ncha ya fimbo, ambayo mtafutaji huipitisha karibu na ardhi kutoka upande hadi upande. Katika vigunduzi vya kawaida, ndani yake mna nyaya zilizozungushwa: mmoja hupitisha mkondo wa umeme unaogeuka-geuka na kuzusha uga wa sumaku, uga huo huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali iliyofukiwa, nayo mikondo hiyo huzusha uga wake, ambao waya wa pili huunasa na mashine ikatoa mlio. Koili zinazouzwa pamoja na mashine nyingi zina kipenyo cha karibu sentimita 28, ilhali koili ndogo huwa na 13 hadi 15. Kadirio la watumiaji wengi ni kwamba sarafu husikika katika kina kinachokaribia kipenyo cha koili, ingawa udongo na ukubwa wa sarafu huweza kulibadilisha. Anayeacha koili ya 28 na kuchukua ya 15 anapoteza kina, na anapoteza eneo vilevile, kwa kuwa duara la 28 ni kubwa karibu mara tatu na nusu kuliko la 15. Atalazimika kutembea polepole na kurudia njia nyingi zaidi ili aumalize uwanja uleule. Hasara hiyo ni ya kweli na sina nia ya kuificha.

Hata hivyo, ardhi ya Nairobi haimpi mwenye koili kubwa kile alichoahidiwa na muuzaji. Chukua bustani ya Jeevanjee, iliyofunguliwa mwaka 1906, au Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969: chini ya nyasi zake mna vizibo vya soda, misumari, karatasi za aluminiamu na vipande vya waya vilivyoachwa na vizazi vya watu waliokaa hapo kupumzika. Koili kubwa hukuta vitu vitatu au vinne kwa mpigo mmoja, na mlio wa msumari huufunika mlio wa sarafu iliyolala kando yake. Koili ndogo huvipitia kimoja kimoja. Isitoshe, udongo mwekundu wa upande wa Karura, Muthaiga na Kabete umejaa oksidi za chuma, na mashine huusikia udongo huo kama inavyosikia metali, jambo ambalo huipunguzia uwezo wa kusikia kitu kilicho mbali. Koili inayoona udongo kidogo husumbuliwa kidogo. Kwa upande wa udongo mweusi wa Embakasi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kukiacha kitu kitumbukie chini zaidi, nakubali kwamba koili ndogo inaweza kushindwa.

Lakini sikuja hapa kuwafundisha wenzangu jinsi ya kupata sarafu nyingi. Swali letu ni la uwanja wa umma, na katika uwanja wa umma jambo linalotuhusu sote ni shimo. Koili ndogo huonyesha kwa usahihi zaidi mahali kitu kilipo, kwa hiyo mtafutaji hukata kipande kidogo cha nyasi kwa mwiko, hutoa kitu na kurudisha kipande hicho mahali pake. Anayefuata mlio hafifu wa kitu kilicho sentimita 30 chini huchimba kwa sepetu, hukata mizizi, na pengine hukutana na bomba la maji au waya wa umeme wa taa za bustani.

Sasa nifikie kiini cha hoja yangu, ambacho ni cha kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, na katika tafsiri yake, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sheria hiyo, basi, inauliza mtu anatafuta nini. Anayetafuta pete ya ndoa aliyoidondosha mwezi uliopita hatafuti kitu cha kale, na anayesaka rupia za enzi za Malkia Victoria za kabla ya mwaka huo anatafuta. Wote wawili wanaweza kusimama juu ya nyasi zilezile wakiwa na mashine zinazofanana, na wote wawili wakiulizwa watasema wanatafuta pete. Askari wa bustani hana njia ya kuingia moyoni mwa mtu, wala hawezi kupima kina cha shimo lililokwisha kufukiwa. Koili, kinyume chake, anaiona kwa macho yake akiwa mbali. Tukiweka sharti la ukubwa wa koili, tunampa askari jambo analoweza kulisimamia bila ubishi na bila kishawishi cha kuombwa au kuomba chochote, na wakati huohuo tunamweka mtafutaji katika tabaka la juu la udongo, ambamo kwa kawaida ndimo kinamopatikana kilichopotea karibuni.

Mpenzi wa sarafu atauliza: kwa nini ninyimwe kina ilhali jiji lenyewe ni changa? Ni kweli kwamba reli ilifika hapa mwezi Mei mwaka 1899, na kwamba sehemu kubwa ya vitu vilivyodondoshwa na wakazi wa jiji, zikiwemo senti kumi za tundu za Afrika Mashariki, havifikii mstari wa 1895. Namjibu kwamba kwa kuwa sheria haivilindi vitu hivyo kama vitu vya kale, ndiyo sababu tunahitaji kanuni ya kaunti.

Hapo ndipo wanaotaka marufuku kamili wanaponibana, na haki wanayo. Wanasema koili ndogo ndiyo hatari zaidi kwa turathi, kwa sababu inafanya kazi vizuri hasa pale penye chuma kingi: katika viwanja vya zamani vya reli, katika maeneo ya kambi, na kandokando ya mapango ya Karura ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Risasi au kisu cha miaka ya Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, kipo nje kabisa ya mstari wa 1895, na mtu mwenye koili ya sentimita 13 anaweza kukiokota kati ya misumari, akaenda nacho nyumbani, na habari ya mahali kilipolala ikapotea milele. Jambo hili linaniuma, na sioni koili ya ukubwa wowote inayoweza kulitatua. Maeneo hayo yafungwe kwa vigunduzi vyote, na anayekuta risasi popote pale aiache na kuwaita polisi.

Ninachokataa ni kuipeleka marufuku hiyo hadi kwenye kila kiwanja cha nyasi. Ayalandi, tangu mwaka 1987, haimruhusu mtu kutafuta vitu vya kiakiolojia kwa kigunduzi bila idhini. Uingereza nayo iliruhusu utafutaji na kutunga sheria ya hazina mwaka 1996, inayomlazimu anayekipata kitu cha namna hiyo akitolee taarifa. Nchi hizo zilichagua kufuatilia shabaha ya mtafutaji au kile alichokwisha kukipata. Sisi tunaweza kuanza mapema zaidi, langoni, kwa kukitazama kifaa.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa mnisaidie. Zipo koili za umbo la yai, zenye upana wa sentimita 13 na urefu wa 25, na wauzaji huziita ndogo. Nadhani kipimo kichukuliwe kwenye upande mrefu, lakini wenye uzoefu wa koili hizo waseme kama zinafika chini kuliko zile za duara. Na wale mnaopinga sharti lenyewe, niambieni: askari aliye langoni atamtofautishaje mtafuta pete na mchimbaji wa vitu vya kale, kama hatutampa kitu cha kukitazama?