Mnavua pikipiki ya Marekani, Yamaha XS650 Special, tangi na usukani, halafu mnatuuzia kama "asili ya Ulaya"

Wakuu, nina hasira na leo sipindi maneno.

Nipo Birmingham. Mwezi wa tatu nilinunua Yamaha XS650 ya 1979 kwa muuza pikipiki za zamani. Tangazo lilisema "ya Ulaya, haijaguswa". Tangi refu, usukani wa chini, siti iliyonyooka. Nikalipa pauni 4,500 bila kubishana, maana kitu cha asili kina bei yake.

Wiki ya pili nachuchumaa kujaza upepo tairi la nyuma, nasoma ubavuni: 130/90-16, yaani rimu ya inchi 16. Moyo ukanilipuka. XS650 ya kawaida ya miaka ile inavaa inchi 18 nyuma. Ya 16 ni Special, ile Yamaha waliyoitoa 1978 wakiwalenga Wamarekani: katangi kadogo ka umbo la tone, usukani wa juu unaokufuata kifuani, siti yenye ngazi.

Nikachukua tochi na kitambaa chenye petroli, nikasugua shingo ya fremu ambako rangi nyeusi ilikuwa nene kupita kiasi. Ikatokea pembe ya lebo, kisha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kisha maneno kwamba chombo kinatimiza sheria za usalama za Marekani. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini taa ya mbele haina swichi ya kuzimia! Pikipiki za soko la Marekani za kuanzia 1978 zinawasha taa zenyewe. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "lakini si Yamaha ileile?"

Hapana, si ileile. Angeniambia ni Special ya Marekani, yenye usukani wake na spidomita yake, ningeinunua na kuitunza vilevile ilivyo. Sasa vitu hivyo vimetupwa wapi? Tangi la rangi ya kiwandani la miaka arobaini na kitu hulipati dukani.

Na ninyi wajuzi mna mkono wenu hapa. Kila anayeweka picha ya pikipiki yenye usukani wa juu mnamrukia: "siyo original, badilisha". Nani kawaambia asili ni sura ya Ulaya peke yake? Tazameni Suzuki Katana. Waliochora ni kampuni ya ubunifu ya Target Design, Ujerumani, na Ulaya ile ya cc 1100 ikaja na usukani wa chini na kioo kidogo cha kukinga upepo mbele. Ile ya cc 750 ya Japani ya 1982 ikatoka na usukani wa juu, bila kioo, kwa sababu kanuni za kwao hazikuruhusu. Mjapani aliyeitunza hivyo ana Katana ya kweli kabisa. Honda CB400 Four nayo nje ilikuwa cc 408, nyumbani Japani wakaishusha hadi 398 ili iingie kwenye leseni ya pikipiki zisizozidi cc 400. Ipi feki hapo?

Ukiuza, andika ilizaliwa kwa soko gani na umebadilisha nini. Mstari mmoja tu unatosha. Mimi namdai huyu bwana tangi langu, usukani na spidomita, au arudishe pesa. Na kama kuna mdau hapa Uingereza aliyeuziwa seti ya Special ya 1979 miezi ya karibuni, tangi, usukani na siti pamoja, tafadhali njoo inbox. Huenda ni vya kwangu.