Mliopita Baton Rouge: timu ya besiboli ya LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) iliwanasa vipi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Mwaka wangu wa kwanza Louisiana nilipewa tiketi na mwenzangu wa maabara aliyepata udhuru. Mimi mtoto wa Morogoro, gongo nililozoea ni la kusongea ugali, na huo ni mwiko. Nikaenda. Mpira ukapigwa juu sana, nikasimama kushangilia peke yangu uwanja mzima. Mzee wa kiti cha jirani akasubiri nikae, akaniuliza kwa upole, "Kijana, unajua umeshangilia nini?"

Sikujua. Mpira ulikuwa umekwenda kombo, nje ya mstari, hauna faida kwa mtu.

Basi kuanzia zamu ya tatu hadi ya tisa nilipewa somo. Kwamba zamani watu wa pale walijali futiboli ya Kimarekani tu, hadi msimu wa 1984 alipoanza kazi kocha Skip Bertman. Akachukua ubingwa wa vyuo 1991, 1993, 1996, 1997 na 2000. Makombe matano ndani ya miaka kumi! Kombe la sita lilikuja 2009, Bertman akiwa ameshaacha ukocha, Paul Mainieri ndiye aliyeinoa timu. Mzee alikuwa anakula karanga, na kila kombe alilitengea ganda moja juu ya goti langu. Si goti lake, langu. Nikaogopa kupumua yasidondoke.

Tangu hapo wameongeza la 2023 na la 2025, jumla manane. Wanaowazidi ni USC ya California tu, wenye 12.

Haya, na ninyi semeni. Nani alikunasa?

Mkikuyu_wa_Bayou:
Mimi nilinaswa tarehe 8 Juni 1996, na sikuwa nimepanga. Tulikuwa wanafunzi Wakenya wanne sebuleni, tunasubiri nyama iive, tukibishana nani atatuletea medali Olimpiki ya Atlanta. Televisheni ilikuwa inajiongelesha yenyewe: fainali ya vyuo, LSU na Chuo Kikuu cha Miami, kule Omaha, Nebraska.

Zamu ya tisa, ya mwisho. Miami 8, LSU 7. LSU wana mtu besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani, lakini wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu watu wanaenda nyumbani. Anaingia kijana anaitwa Warren Morris. Huyu alikuwa amekosa mechi kibao msimu huo kwa sababu mfupa mdogo wa mkononi ulivunjika, akafanyiwa upasuaji. Msimu mzima hakuwa amepiga homurani hata moja. (Kwa mgeni: homurani ni mpira kuvuka ua wa uwanja, mpigaji na wote waliokuwa kwenye besi wanarudi nyumbani mbio za raha, kila mmoja pointi yake.)

Mpira wa kwanza aliorushiwa, akaupiga. Haukwenda juu. Ulikwenda chini chini kama ndege anayetafuta mdudu, ukapita ua wa kulia kwa tabu. 9-8. Wachezaji wa Miami walianguka kifudifudi pale pale walipokuwa wamesimama. Mmoja wao alikuwa Alex Cora, ambaye 2018 aliipa timu ya kulipwa ya Boston Red Sox ubingwa akiwa kocha. Na Bertman mwenyewe aliwahi kuwa kocha msaidizi Miami kabla ya kuja LSU, kwa hiyo kidonda alikiacha kwao.

Nyama iliungua. Jirani wa juu alikuwa anapiga sakafu kwa miguu, sisi tunamjibu kwa ufagio kwenye dari. Wakati huo raunda za shule ya msingi zikanirudia kichwani, nikaona kumbe huu mchezo naujua.

Kariakoo_Original:
Mimi nipo kinyume. Nilikwenda mara moja, nikakaa saa tatu na nusu, watu wanatema mbegu za alizeti na kujikuna. Nikasinzia, nikaamka, matokeo yale yale. Simba na Yanga dakika 90 watu wameshapona na kuugua tena. Endeleeni.

Nesi_Mstaafu:
Kariakoo mwanangu, ulikwenda siku mbaya. Au ulikwenda bila chakula. Pale kabla ya mchezo watu wanapika kwenye maegesho, masufuria makubwa ya jambalaya, na mtu wa Pwani akionja anaanza kuuliza huu wali ni pilau nani kaliharibu. Mimi nililishwa na watu nisiowajua hata majina.

Lakini kilichonigusa ni jina la uwanja. Unaitwa Alex Box. Nilidhani ni tajiri aliyetoa fedha. Kumbe ni kijana aliyechezea timu hiyo, akaenda Vita Vikuu vya Pili, akafa Tunisia mwaka 1943. Afrika hii hii. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 2009, hatua chache tu kutoka ule wa zamani, na jina wakahama nalo. Nilipoambiwa nilikaa kimya kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vita ile ile, yeye alipelekwa Burma.

Fundi_Vyuma:
Niongeze la kitaaluma. 1997 timu ile ilipiga homurani 188 msimu mmoja, rekodi ya vyuo. Sifa za misuli wapewe, ila magongo nayo yalichangia. Vyuo vinatumia ya alumini, na enzi hizo yalikuwa mepesi mno kwa urefu wake, mtu analizungusha kama fimbo ya kuchungia. Fainali ya 1998, USC na Arizona State, iliisha 21-14! Ndipo wakabana: uzito kwa aunsi usiwe pungufu ya urefu kwa inchi kwa zaidi ya 3. Gongo la inchi 34 lisishuke chini ya aunsi 31. Mwaka 2011 wakabana tena.

Mtoto_wa_Uvira:
Bandugu, mie niko Omaha kwenyewe, ghala la nyama, zamu ya usiku. Kila Juni mji unajaa watu wa fainali hizi za vyuo. Watu wa LSU unawajua kwa rangi, zambarau na dhahabu, na kwa kiu. 2023 kuna mahali pa kunywa karibu na uwanja, wanahesabu ubaoni vikombe vya jeli yenye pombe, kila chuo idadi yake. LSU walimaliza na 68,888. Mie sinywi, nilikuwa nacheka tu nikipita.

Mwaka huo rafiki wa kazini alinipeleka mechi ya LSU na chuo cha Wake Forest. Paul Skenes wa LSU anarusha, mtu mrefu, mpira huuoni, unasikia tu glovu ya mdakaji inalia pa! Zamu tisa zikaisha bila kitu, zikaongezwa, hadi ya kumi bado 0-0. Ya kumi na moja Tommy White wa LSU akapiga homurani, 2-0, kwisha. Msimu ule Skenes aliwatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira. Baadaye timu za kulipwa zikamchagua yeye wa kwanza na mwenzake Dylan Crews wa pili. Chuo kimoja kutoa wa kwanza na wa pili, haikuwahi kutokea.

Fainali sasa, anayeshinda mechi mbili ndiye bingwa, na LSU walikuwa wameshachukua moja. Jumapili Chuo Kikuu cha Florida wakawachapa 24-4. Nikasema hawa wamekufa. Jumatatu LSU wakashinda 18-4. Mchezo gani huu, bandugu? Jana unazikwa, leo unaoa.

Kariakoo_Original:
24-4 halafu kesho bingwa? Hiyo ratiba ya Juni inakuwaje, na usiku huku ni saa ngapi? Nauliza tu.

Mleta uzi:
Mkuu, saa moja usiku Omaha ni saa tisa alfajiri Dar. Andaa karanga. Yale maganda sita nilirudi nayo mfukoni. Mke wangu aliyakuta kwenye mashine ya kufulia, na ule uzi wake ni mrefu kuliko huu.