Mada: Nimepunguzwa kazi, nataka kufungua ofisi yangu ya uandishi

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko mliko. Kampuni ya bima niliyokuwa nikiiandikia barua za wateja na jarida la wafanyakazi imeifuta idara yetu nzima. Sitaki kurudi kwenye foleni ya kuomba ajira. Nataka kuandika kwa kujitegemea, hapahapa sebuleni. Nina miaka 43 na grinikadi ninayo. Wamenipa karatasi ya malipo ya kuondoka, wanataka niisaini upesi. Tovuti nimeshalipia, kesho nasajili LLC, kampuni ndogo inayotenga madeni ya biashara na mali zangu. Nimeacha nini?

Kutoka: Baba Salma, Houston

Marahaba mwanangu, na pole. Tovuti ikae kwanza.

Hiyo karatasi usiisaini leo. Mtu aliyefikisha miaka 40 akipunguzwa pamoja na wenzake, na kampuni ikataka aahidi kutodai kwamba alibaguliwa kwa umri, sheria inampa siku 45 za kuifikiria, na akishasaini ana siku 7 za kughairi. Angalia kama kuna kifungu kinachokuzuia kufanya kazi na washindani wao. Wewe ujuzi wako ni bima, na wateja wako watakuwa kampuni za bima. Kifungu hicho kinaweza kukugharimu kuliko hayo malipo yenyewe. Mlipe mwanasheria wa kazi akusomee. Mara nyingi kifungu kinajadilika.

Matibabu je? COBRA, sheria ya waliopoteza kazi, inakuacha kwenye bima ileile ya kazini hadi miezi 18, ila unalipa fungu lako na la mwajiri, na asilimia 2 juu yake. Una siku 60 za kuamua, na ukiamua mwishoni inahesabiwa tangu siku bima ilipokatika, mradi ulipie miezi ya nyuma. Kwa hiyo usikimbilie. Linganisha na HealthCare.gov, soko la bima la serikali, nako una siku 60 baada ya kupoteza bima.

LLC si lazima uwe nayo ndipo utoe ankara. EIN, namba ya kodi ya biashara, IRS (mamlaka ya kodi) wanatoa bure, anayekutoza hela anakula kwa ujinga wako.

Kutoka: Shemeji wa Oakland

Mzee, hapo kwa LLC naomba tutofautiane kidogo. Kwa Mama Neema huko Ohio kusajili ni dola 99, asajili tu alale usingizi. Sisi wa California ndio tunaopaswa kufikiri mara mbili, kodi ya chini ni dola 800 kila mwaka hata kama hujaingiza senti.

Kutoka: Da Asha, Minneapolis

Kwanza kwa mnaosoma kimya kimya: mwenye H-1B, viza ya kazi inayofungwa na mwajiri, asimwige Mama Neema. Ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, na kujiandikia ankara si ajira anayoruhusiwa. Ona mwanasheria wa uhamiaji kabla hujapokea hata dola moja.

Sasa wewe dada yangu. Kodi: kuna asilimia 15.3 ya kujiajiri, na kodi ya mapato iko pale pale. Hakuna anayekukata tena, unalipa mwenyewe Aprili, Juni, Septemba na Januari. Fungua akaunti ya pembeni, kila malipo yakiingia tenga fungu humo. Na kama unachukua fidia ya ukosefu wa ajira, taja kila unachoingiza.

Bei ndipo wengi wetu tunapozama. Watu wanagawa mshahara wa zamani kwa saa 2,080 za mwaka na kuita hiyo bei yao. Saa utakazolipwa hazitafika huko; nusu ya wiki itaishia kwenye simu, makadirio na kufuatilia madeni. Bima na likizo pia sasa ni zako.

Wateja usiwatafute kwa wageni. Waandikie mabosi na wenzako waliohamia kampuni nyingine, mmoja mmoja, useme unaandika nini: barua za kukataa madai zinazoeleweka, taarifa za mabadiliko ya bima. Ukisema tu “naandika” hawajui wakuite lini. Kazi za kazini usizioneshe bila ruhusa, ni mali ya mwajiri. Andika sampuli mpya.

Kisha kuna hospitali na shule. Zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwafikia wasiojua Kiingereza, na Ohio kuna Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale. Ukichukua kazi hiyo, mpe mtu wa Uvira au Bukavu aisome kabla haijachapwa, na umlipe. Kiswahili chetu cha Dar tunakidekeza mno.

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Asanteni, sijasaini. Bosi wangu wa zamani ameshajibu, anataka barua 12 ziandikwe upya. Nimtajie bei kwa saa?

Na ndugu wameshaanza: wasifu wa marehemu, kadi za harusi, barua za ubalozini. Bure.

Kutoka: Da Asha, Minneapolis

Kwa kazi nzima, siyo kwa saa, maana unaandika haraka na utajipunja. Nusu mkononi kabla hujaanza, masahihisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Yote yawe kwenye mkataba.

Kutoka: Baba Salma, Houston

Misiba andika bure. Kamati ya harusi ina mweka hazina, mpelekee ankara.