Uliwahi kugongwa na lori? Tupeane uzoefu, hasa ya baada ya ajali

Kiti cha Mbele: Wadau, leo nimesimama kwenye taa, semi-trela ikaja kusimama ubavuni. Breki zake za upepo zikatoa ile "pshhhh", mikono ikafa ganzi kwenye usukani. Miaka 3 imepita tangu tela lifagie gari langu kwenye kona, ila mwili haujasahau. Aliyekumbwa na lori aseme: ilikuwaje, na haki yako uliipata au ulizungushwa mpaka ukachoka?

Bibi Mtulivu: Hiyo pshhhh. Basi tu.

Mama Pacha: Yangu ndefu, mnivumilie. Usiku, mvua, mume wangu anaendesha. Mbele hakukuwa na kitu, mara pakawa na ukuta. Lori bovu limeachwa katikati ya njia, hakuna pembetatu ya tahadhari, taa za nyuma za tela zimefunikwa tope. Boneti iliingia chini ya tela mpaka kwenye kioo. Nakumbuka bolti moja yenye kutu, shibiri moja kutoka usoni kwangu, inadondosha maji kwenye paja langu. Tone, tone. Simu inaita chini ya kiti, siifikii. Namwita mume wangu, haitiki. (Yupo, mzima, msije mkaanza kuniuliza.)

Siku ya 4 hospitalini akaja mtu wa bima, mpole kweli, na karatasi: "malipo kamili na ya mwisho". Nilisaini kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Miezi 7 baadaye daktari akasema nyonga inataka upasuaji mwingine. Nikarudi kwao. Wakanionyesha sahihi yangu, imepinda kama ya mtoto wa chekechea.

Msema Kweli: Pole, lakini mtu mzima unasainije usichokisoma?

Bibi Mtulivu: Wewe ulishalazwa? Nyamaza.

Gia Nyingi: Mimi naendesha malori. Sitetei aliyeacha tela gizani, huyo ni muuaji. Ila na nyie wa magari madogo! Mnachomekea mbele ya mtu mwenye mzigo halafu mnakanyaga breki. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki unakuwa kama mara nne. Na kama huvioni vioo vyangu, jua mimi sikuoni kabisa.

Msema Kweli: Kwa hiyo kosa letu? Mbona hujasema mnavyoendesha mnasinzia?

Gia Nyingi: Bosi anapiga simu kila saa anauliza mzigo umefika wapi. Njoo uendeshe wewe.

Mpigapicha Mbovu: Mkimaliza kupigana: piga picha namba ya kichwa NA ya tela. Mara nyingine wenyewe ni wawili tofauti, bima mbili. Mimi nilipiga picha ya sura ya dereva. Sura nzuri, haina bima.

Karani wa Zamani: Nimefanya kazi kwa wakili, nasema haraka. Malori mengi yana kifaa cha kurekodi mwendo na saa za kuendesha, kompyuta ya injini, pengine na kamera. Kumbukumbu hizo hufutika kwa kuandikwa juu yake, na lori likishapelekwa gereji ushahidi umekwenda. Wakili aandike barua mapema kuwataka wasiguse kitu. Anayedaiwa si dereva peke yake: yupo mwenye lori, aliyepakia mzigo, hata fundi wa breki. Na madai yana ukomo wa muda, ulizia mapema.

Chapchap: Wakili wa nini? Mpatane, uendelee na maisha. Wangu alichukua theluthi ya malipo, na gharama za kesi juu.

Karani wa Zamani: Ndiyo maana unauliza kabla: gharama zinatolewa kabla ya asilimia yake au baada?

Chapchap: Sasa ndio unaniambia.

Kiti cha Mbele: Mama Pacha, ile karatasi haipingiki?

Karani wa Zamani: Pengine inapingika, kama alikuwa amelewa dawa za maumivu wakati anasaini. Si rahisi. Achukue faili lake la hospitali, lina saa alizopewa dawa. Na lile tope kwenye taa, nani alipiga picha?

Mama Pacha: Kijana wa gari la kuvuta. Alinionyesha kwenye simu yake. Namba yake sina.

Gia Nyingi: Dada, gari lenu lilivutwa kupelekwa wapi? Anzia hapo. Hao vijana hawafuti picha.