Magofu ya Mkama Ndume: nani hasa mlinzi wake?

Mkaazi wa Pujini:
Assalaam alaykum. Mashamba yetu hapa Pemba yamepakana na ngome ya mtawala wa zamani, Mkama Ndume, ambayo wataalamu wanaihusisha na karne ya 15. Wazee hawakati miti ndani ya boma, na wako wanaokwenda na ubani kuweka nadhiri. Vijana wao wanaona mawe yaliyolala bure, na majuzi nilimkuta jirani akiyasomba kwa msingi wa nyumba. Vipi watu wa hapa watapaona pahala hapa kuwa ni pao, bila ya kutishwa kwa sheria wala kudharauliwa mila zao?

Mtu wa Kizimkazi:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Msikiti wetu wa Dimbani, huku Unguja, una maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na hadi leo unasaliwa, kwa hivyo paa likivuja hatungoji mgeni atuambie. Nyinyi hamna sala inayoendelea pale, lakini mna hadithi. Kile kisima kinachosemwa kuwa kiligawiwa kwa ukuta ili wake wawili wa Mkama Ndume wasionane, mtoto gani hatataka kukiona? Wapelekeni wanafunzi wa skuli, na msimulizi awe mzee wa kijijini.

Mwalimu, Wete:
Naongeza, na kidogo napinga. Ubani umezuia shoka, ni kweli, lakini mti usiokatwa nao hupasua ukuta kwa mizizi. Isitoshe, wapo wanaoiona nadhiri ile kuwa ni shirki, na ulinzi ukiegemezwa kwenye mzimu peke yake utakigawa kijiji. Tusisahau pia hadithi inamwelezaje Mkama Ndume: jabari aliyewabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa matako. Anayesomba jiwe lile leo huenda moyoni mwake anajiona anachukua jasho la babu zake, na hoja hiyo haijibiwi kwa kibao cha onyo.

Mkaazi wa Pujini:
Hilo la jasho, Mwalimu, sikuwahi kulifikiria, na jirani yangu alikaribia kulisema. Je, mawe aliyokwisha kuyachukua tuyarejeshe?

Mwalimu, Wete:
Msiyapachike wenyewe, kwani jiwe likikaa pasipo pake humpoteza mchimbaji wa kesho. Yawekeni pembeni, mwelezeni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ili awaite watu wa mambo ya kale, na siku hiyo jirani yako awepo, awaonyeshe yeye mwenyewe alipoyatoa.