Mbwa wa ulinzi ananguruma ukikaribia bakuli lake: achapwe au afundishwe?

Tegeta_Kwetu:
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mbwa. Ni dume wa miezi 8, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Mchana anafungiwa bandani, saa 3 usiku anafunguliwa alinde uwanja. Anakula mara moja kwa siku, jioni, ugali na dagaa, na bakuli huingizwa mwisho kabisa wa banda, kwenye kona. Wiki ya tatu sasa, mtu akisogea wakati anakula, ananguruma. Jumatano iliyopita dada wa kazi aliinama kuchukua bakuli, mbwa akamrukia, jino likamchubua mkono na damu ikatoka kidogo.

Majirani wamenipa ushauri wa aina tatu: achapwe kila akinguruma, anyang'anywe chakula mara kwa mara ajue nani mkubwa, au mtu awe anatia mkono bakulini ili azoee. Nyumbani kuna mtoto wa miaka 4. Mbwa alichanjwa kichaa akiwa na miezi 3, kadi ipo. Nishike lipi?

DaktariWaMifugo_Moro:
Tuanze na dada, mbwa atafuata. Jino likishapasua ngozi, hata kwa mchubuko mdogo, jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, mafuta wala kitunguu. Kama hakuoshwa hivyo Jumatano, na aoshwe leo, kisha aende kituo cha afya leo hii akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi. Asiambiwe kwamba siku zimeshapita. Kichaa cha mbwa mara nyingi huchukua miezi 2 hadi 3 kabla ya kujitokeza kwa binadamu, ndiyo maana kuchelewa kwenda bado ni bora kuliko kutokwenda. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa asiuawe na asipewe mtu. Afungiwe mahali salama, apewe maji na chakula kama kawaida, na aangaliwe siku 10 tangu siku aliyouma. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku ile. Mkimuua mapema mnapoteza kipimo hicho rahisi kuliko vyote. Toeni taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Chanjo ya miezi 3 ni nzuri, ila ni ya kwanza tu: inarudiwa mwaka mmoja baada ya ile, na tarehe hiyo iandikwe sasa kwenye kadi.

Jambo la pili ni njaa na minyoo. Mbwa wa miezi 8 bado anakua, na mlo mmoja kwa siku unamfikisha jioni akiwa na njaa kali. Mgawie chakula kilekile mara mbili, asubuhi na jioni. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi 3, kwa uzito wake, si kwa kukisia. Dagaa waoshwe kuondoa mchanga na chumvi, na wawe wengi kweli, siyo wa kunusisha ugali tu. Unga ulioota ukungu usimpikie mbwa hata kidogo: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemshwa, na ini la mbwa haliihimili.

FugaKwaAkili:
Daktari kamaliza upande wake, mimi niseme la bakuli. Ushauri wa majirani, mkuu, aina zote tatu, unaelekea kulekule: mbwa ataacha kunguruma na ataanza kuuma kimya.

Kunguruma ni onyo, na onyo ni zawadi kwako. Mbwa hupitia ngazi kabla ya jino: anaanza kula haraka zaidi, mwili unakauka kama mti, kichwa kinashuka kufunika bakuli, weupe wa jicho unaonekana pembeni, ndipo anaponguruma, anakunja midomo, mwisho anaruka. Usidanganywe na mkia. Mkia ulio juu, mgumu, unaotikisika kidogokidogo, si furaha. Ukimchapa kwenye ngazi ya kunguruma, anajifunza kuiruka ngazi hiyo tu. Hofu ya kunyang'anywa inabaki palepale na inaongezeka, maana sasa binadamu akija anakuja na fimbo pia. Kumnyang'anya ili "ajue mkubwa" kunamthibitishia kile alichokihofia. Kutia mkono bakulini ni hivyo hivyo.

Tazama pia mahali anapokula. Kona ya banda haina mlango wa pili. Mtu akisimama mlangoni, mbwa hana pa kukimbilia, na mnyama asiye na pa kukimbilia hupigana. Kwanza hamisha bakuli: lije uwanjani, mahali wazi, mbali na njia ya watu na mbali na mlango wa jiko.

Siku 3 za mwanzo mtu yeyote asimkaribie akila, na bakuli lichukuliwe akiwa ameshafungiwa upande mwingine. Atulie kwanza. Halafu mafunzo, katika mlo mmoja kati ya ile miwili ya siku, mtu mzima mmoja:

Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mpe ugali mtupu, kitu asichokithamini sana. Simama mbali, mita 4 kwa mfano, pale ambapo mwili wake haukauki. Huo ndio mstari wako wa leo. Pita kwenye mstari huo, tupia kipande kimoja cha ini ndani ya bakuli, ondoka hapohapo. Usisimame kumtazama, usimsemeshe. Rudia mara 8 hadi 10 katika mlo mmoja. Kitu unachokitafuta ni hiki: akikuona unakuja anainua kichwa, mwili umelegea, anakutazama kama anayengojea. Ukikipata kwa milo 3 mfululizo, sogeza mstari nusu hatua. Akikauka, umekwenda haraka. Rudi hatua mbili nyuma na ukae hapo siku kadhaa.

Ukishafika bakulini, fuata mpangilio: kuinama na kudondosha ini, kisha kugusa ukingo wa bakuli na kudondosha ini, kisha kuinua bakuli kidogo, kulitia ini, na kulirudisha papo hapo. Baada ya hapo ndipo urudie yote tangu mita 4 ukiwa umempa ugali na dagaa, na mwisho kabisa nyama. Wengi huharibu hapa: wanafaulu kwa ugali Jumatatu, Jumanne wanampa mfupa na kumsogelea kana kwamba ni kitu kilekile. Kwa mbwa si kitu kilekile.

Hesabu wiki kadhaa, si siku. Na kila mtu wa nyumbani aanze upya tangu mita 4. Kumwamini baba si kumwamini dada, hasa baada ya Jumatano ile.

Kibarazani:
Nakubali karibu yote, ila kwa mbwa wa ulinzi kuna hatari moja katika hayo maini ya kurushwa. Wezi huku kwetu hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mbwa aliyefundishwa kwamba kizuri huruka kutoka mkononi mwa mtu ataidaka nyama hiyo bila kuwaza. Pia kuna swali: akilainika kwenye bakuli, atalinda?

FugaKwaAkili:
Hoja ya sumu ni nzito, Kibarazani, na nakushukuru kwa kuileta. Basi turekebishe: visirushwe. Chukua bomba la plastiki la maji la inchi 2, urefu wa mita 2. Ukiwa mbali kuliko urefu huo, pita tu, weka kipande kwenye bakuli la pili tupu lililo kwenye mstari wako, ondoka. Ukifika umbali wa bomba, telezesha kipande ndani ya bomba kianguke bakulini. Kwa njia hiyo mbwa anajifunza kanuni moja: chakula hutoka kwenye bakuli. Kilichoanguka chini, nje ya bakuli, kichukuliwe na wewe kabla yake, kama umbali unaruhusu bila kumkaribia. Kama hauruhusu, kiache na upunguze kasi.

Sambamba na hilo, mbali kabisa na muda wa chakula, mfundishe neno "acha". Mbwa akiwa kwenye kamba, weka kipande cha nyama chini na ukikanyage kwa kiatu. Atanusa, atakwaruza. Ngoja. Sekunde atakayorudisha pua nyuma, sema "ndiyo" na umpe kitu kizuri zaidi kwenye bakuli, kamwe asipewe kile cha chini. Akishaelewa, inua kiatu, kisha weka vipande sehemu tofauti za uwanja, mwisho karibu na ukuta, usiku, saa zake za kazi. Kila baada ya wiki rudia. Hii haiondoi hatari yote ya sumu, kwa hiyo mwenye nyumba bado akague uwanja kila jioni kabla ya kumfungua.

Kuhusu kulinda: bakuli na geti ni vitu viwili. Mbwa wa polisi hufundishwa kuachia kwa neno moja, na hakuna anayesema ni laini. Mbwa anayemrukia dada anayemlisha hajalinda nyumba, amelinda dagaa.

Tegeta_Kwetu:
Asanteni sana wakuu. Dada ameenda zahanati leo asubuhi na kadi, ameanza sindano. Bakuli limeshahamishwa. Mtoto naye je? Anaingizwaje kwenye mafunzo haya?

DaktariWaMifugo_Moro:
Haingizwi. Mtoto wa miaka 4 uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa na hajui kusoma mwili uliokauka. Wekeni komeo juu, asipolifikia, kwenye mlango wa eneo la mbwa, na chakula kitolewe mtoto akiwa ndani. Afundishwe mambo mawili tu: mbwa anayekula au kulala haguswi, na mbwa akimjia mbio asimame wima kama mti, mikono kifuani, asikimbie wala kupiga kelele. Na dada akamilishe sindano zote kwa tarehe alizopewa, hata siku 10 zikiisha mbwa akiwa mzima, isipokuwa daktari wake mwenyewe ndiye atakayesema aache.