Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa

Kikundi: Majirani Migosi, Kisumu

JUMATATU

[19:08] Mama Akinyi: Jirani zangu, hamjambo. Friji yangu ya milango miwili, ile isiyojaza barafu, juu inagandisha vizuri lakini chini kuna joto. Maziwa ya jana yamechacha leo. Fundi mmoja aliipapasa nyuma mchana akasema gesi imeisha, elfu nne mia tano. Nimlipe?

[19:10] Fundi Ouma: Usilipe bado, mama. Samaki wa juu ni wagumu kabisa au wamelegea?

[19:11] Mama Akinyi: Wagumu. Ngege niliowaweka Jumamosi ukiwagonganisha wanalia kama mawe.

[19:15] Fundi Ouma: Basi gesi ipo. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Haichomwi, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua ujue kuna tundu, na ikiisha hata juu hakugandi.
Friji ya aina yako inatengeneza baridi mahali pamoja tu: nyuma ya ule ubao wa plastiki ndani ya friza. Feni ndogo ndiyo inayoisukuma ishuke chini. Kwa hivyo juu kukiwa sawa na chini joto, baridi inatengenezwa lakini haishuki. Ama feni imekufa, ama barafu imeziba njia ya hewa.

[19:16] Fundi Ouma: Fungua mlango wa friza. Pembeni mwa fremu kuna swichi ndogo ambayo mlango huibonyeza ukifungwa. Ibonyeze kwa kidole uishikilie huku kompresa (ile pampu ya gesi nyuma ya friji) ikinguruma. Unasikia nini?

[19:22] Mama Akinyi: Krr krr krr, kisha kimya. Halafu matundu ya ule ubao yana barafu nyeupe.
📷 Picha

[19:25] Fundi Ouma: Hiyo ni feni inakwaruza barafu. Chomoa plagi sasa hivi kabla mota yake haijaungua.
Toa vitu vyote, acha milango yote miwili wazi saa 24. Usidanganyike kuwasha baada ya saa tatu ukiona ubao umekauka, donge lenyewe liko nyuma yake na huyeyuka polepole. Weka taulo kuukuu chini, na kagua lile sinia la maji lililo juu ya kompresa huko nyuma, litajaa usiku. Ukitaka kuharakisha, weka sufuria ya maji moto ndani ya friza juu ya kitambaa, ubadilishe kila nusu saa.
Kisu USITUMIE. Wala bisibisi, wala mwiko. Yale mabomba ni ya alumini nyembamba. Ukiyatoboa ndipo utakuwa na shida ya gesi kweli.

[19:27] Baba Nekesa: Sasa samaki wapelekwe wapi

[19:31] Sista Atieno: Mama Akinyi, samaki waletee kwangu, friza yangu ina nafasi. Wakifika wakiwa bado na barafu ndani hawana neno. Ila vya chini usivionee huruma: nyama iliyopikwa, wali, mchuzi, maziwa, chochote kilichokaa juu ya nyuzi 5 zaidi ya saa mbili, mwaga. Kuonja au kunusa hakukuambii kitu, vijidudu vingine havibadilishi harufu wala ladha. Sukuma, nyanya, mayai na siagi vitastahimili.
Dawa ya sukari ya Babu ilikuwa wapi?

[19:33] Mama Akinyi: Kwenye mlango wa chini, sista.

[19:37] Sista Atieno: Ilete pamoja na karatasi yake, tusome. Insulini nyingi zikishafunguliwa huvumilia kama wiki nne nje ya friji mradi joto lisipite nyuzi 30, lakini Kisumu saa nane mchana hapa tunapita. Nitaiweka rafu ya katikati. Msiiweke kamwe ikigusa ukuta wa nyuma wa friji wala karibu na friza. Insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

[19:40] Mama Akinyi: Nakuja sasa hivi. Asanteni sana.

[20:02] Baba Nekesa: Fundi, yangu nayo. Inafanya TIK, inanguruma sekunde tano hivi, TIK, kimya. Baada ya dakika tatu inarudia. Taa ya ndani inawaka. Hii si gesi?

[20:06] Fundi Ouma: Si gesi. Hiyo ni kompresa inashindwa kuanza, na kile kidude cha kuilinda kinaikatia stima isiungue. Sababu ni tatu: stima dhaifu, rilei (kidude cha kuianzisha) iliyokufa, au kompresa yenyewe imekwama. Tuanze na ya bure. Imechomekwa ukutani au kwenye ekstensheni?

[20:07] Baba Nekesa: Ekstensheni. Iko na TV na birika.

[20:11] Wafula wa Stima: Mzee, itoe hapo kwanza. Kompresa ikianza huvuta stima mara kadhaa zaidi ya ile inayotumia ikishatulia, na waya mwembamba wa ekstensheni unaishushia volti wakati huohuo inapozihitaji. Ichomeke peke yake kwenye soketi ya ukutani. Kama una mita, pima volti kwenye soketi ya pembeni WAKATI inajaribu kuanza, si ikiwa kimya. Kawaida yetu ni 240. Ikishuka hadi 190 au chini, zima, kosa si la friji.

[20:24] Baba Nekesa: Nimeichomeka ukutani. Mita inasoma 236, ikijaribu inashuka 229. Bado tik tik.

[20:30] Fundi Ouma: Volti ni nzuri. Sasa rilei. Chomoa plagi, ivute friji mbele, ubavuni mwa kompresa kuna kifuniko cheusi kilichoshikwa na kibanio cha waya. Kabla ya kugusa kitu piga picha ya waya zilivyokaa. Ukiona kapasita (kikebe chenye waya mbili) usiguse ncha zake, huweza kubaki na chaji.
Rilei ni kile kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye pini za kompresa. Kivute moja kwa moja bila kukipinda, kisha kitikise sikioni.

[20:41] Baba Nekesa: Kinalia kama punje za mahindi ndani ya kibuyu. Na kina harufu ya kuungua.

[20:44] Fundi Ouma: Umeipata. Ndani yake kuna kidonge ambacho huruhusu stima ianzishe mota, kisha hupata moto na kuikata. Kikivunjika hakianzishi kitu. Rilei nzima haitoi sauti hata ukiitikisa vipi.
Kabla hujanunua nyingine, pima kompresa yenyewe. Ina pini tatu. Weka mita kwenye omu, pima kila jozi, uniletee namba tatu. Halafu mguso mmoja kwenye pini na mwingine kwenye bomba la shaba lililokwanguliwa rangi.

[20:58] Baba Nekesa: 14, 19, 33. Kwenye bomba haisomi kitu.

[21:01] Fundi Ouma: 14 na 19 ni 33. Namba kubwa ikiwa sawa na jumla ya zile mbili ndogo, nyaya za mota ni nzima, na kutosoma kitu kwenye bomba maana yake stima haivuji. Ingesoma hata omu chache hapo ningekwambia usiichomeke tena, itakurusha. Kesho nenda na rilei yako mkononi dukani upate ya namba hiyohiyo, pamoja na kilinzi chake. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na kompresa. Ikigoma hata na rilei mpya, basi kompresa imekwama ndani.

[21:05] Wafula wa Stima: Na nunua gadi ya friji, mzee. Stima ikipotea na kurudi papo hapo, msukumo wa gesi upande mmoja bado uko juu na kompresa haiwezi kuanza dhidi yake. Gadi huchelewesha dakika 3 hadi 5 mpaka msukumo usawazike. Usiyekuwa nayo, stima ikipepesa chomoa, hesabu dakika tano. Rilei nyingi za mtaa huu zinauawa na huko kupepesa.

[21:09] Mwalimu: Yangu inaweka maji chini ya droo ya mboga kila wiki.

[21:12] Fundi Ouma: Tundu la maji limeziba, mwalimu. Liko ukutani nyuma, juu kidogo ya droo. Sindano kubwa ya hospitali isiyo na ncha, maji vuguvugu, sukuma mpaka uyasikie yakidondoka kwenye sinia la nyuma. Majani ya sukuma ndiyo huziba, msiyaache yaguse ukuta.

[21:20] Shemeji Njoro: Huku Njoro hali ni kinyume. Miezi ya Juni na Julai friza inayeyusha usiku, asubuhi nyama ni laini, mchana inaganda tena. Niongeze namba?

[21:26] Fundi Ouma: Hapana, shemeji. Friji nyingi zina kipima joto kimoja, nacho kiko chini. Joto la jikoni kwako likishuka usiku, chini kunakuwa tayari kumepoa, kipima joto kinaona kazi imeisha na kompresa hailii. Friza inaachwa peke yake. Soma kibandiko ndani: kikiandika N, ST au T, imeundwa kwa chumba kisichoshuka nyuzi 16. SN hufika 10. Isogeze chumba chenye joto zaidi, na kama ina swichi ya majira ya baridi iwashe.

JUMATANO

[07:15] Mama Akinyi: Fundi, nimewasha jana saa mbili usiku. Feni inazunguka. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji rafu ya katikati ulivyonielekeza, asubuhi kinasoma 4 🙏🏾

[07:22] Fundi Ouma: Vizuri sana. Ila mama, hiyo si dawa bado, tumeondoa barafu tu. Friji yako ina hita ya kuyeyusha barafu yenyewe mara kadhaa kwa siku, na haikuyeyusha. Kagua mpira wa mlango: bana noti ya hamsini, vuta. Ikitoka bila kukazwa, hewa ya unyevu inaingia hapo. Pima pande zote nne. Mpira ukiwa mzima na barafu ikirudi ndani ya wiki mbili, nitakuja na mita.

ALHAMISI, WIKI ILIYOFUATA

[18:40] Mama Akinyi: Imerudi. Krr krr. Noti ilikazwa kote.

[20:35] Fundi Ouma: Nawaandikia hapa wote muone. Nimefungua ubao kwa Mama Akinyi, barafu ilikuwa nene kama kidole.
📷 Picha
Hita: omu 290. Ni ya wati 200 kwa volti 240, na 240 mara 240 gawanya kwa 200 ni omu 288, kwa hivyo hita ni nzima.
Thamostati yake, ile swichi ndogo iliyobanwa kwenye bomba, inayounganisha stima ya hita kukiwa na baridi tu: ikiwa na joto la chumba haisomi kitu, NA NDIVYO INAVYOTAKIWA. Wengi huitupa hapo. Nimeiweka saa moja kwenye friza ya Sista, nikapima haraka, imeunganika. Nzima.
Fyuzi ya joto: imekatika. Hii inatakiwa isome sifuri wakati wote, iwe baridi iwe joto.

[20:38] Baba Nekesa: Kwa hivyo ni kifyuzi tu? Mngeunganisha waya moja kwa moja yaishe. Rilei yangu mpya inafanya kazi vizuri, asante fundi.

[20:43] Fundi Ouma: Hapana, mzee, hapo tusicheze. Fyuzi hiyo ndiyo inayokata stima thamostati ikikwama na hita ikakataa kuzima. Ukiiruka, hita itayeyusha plastiki, na friji hii ina R600a, gesi inayoshika moto. Kibandiko cha nyuma kinasema gramu 48.
Na yeyote atakayeambiwa siku moja ajaze gesi, na ni kweli inavuja, aone mambo haya yakifanyika mbele yake: tundu litafutwe na kuzibwa kwanza, filta ibadilishwe, hewa ifyonzwe kwa pampu nusu saa au zaidi, gesi ipimwe kwenye mizani kwa gramu za kibandiko. Na R600a ikiwa bado ndani, moto wa kuchomea usiwashwe. Anayekuja na mtungi tu bila mizani, mrudishe.

[20:47] Mama Akinyi: Ninunue ipi kesho?

[20:49] Fundi Ouma: Imeandikwa nyuzi 72, ampea 10, volti 250. Uchukue namba hizohizo, yenye waya mbili na soketi nyeupe. Acha plagi nje, milango wazi. Nitaiweka saa kumi na moja jioni.

[20:50] Sista Atieno: Samaki warudi kwangu basi, nawasubiri.